Kati ya Anayepima na Anayeshika Usukani

Historia ya chati za bahari husimuliwa mara nyingi kama historia ya vifaa: bildi ikapisha mwangwi, nyota zikapisha setilaiti, karatasi ikapisha skrini. Simulizi hiyo ni ya kweli, lakini inaliacha nje jambo ambalo kwa karne kadhaa limeamua nani afike bandarini na nani apande mwamba. Nyuma ya kila chati wapo watu wawili, aliyepima kina na anayeshika usukani. Kwa kawaida hawajuani. Pengine mmoja alikufa miaka mia kabla ya mwenzake kuzaliwa, na kati yao wamesimama wachoraji, wachapaji, wauzaji, wizara na, siku hizi, kompyuta. Ninadai kwamba kila teknolojia mpya imefupisha kipande kimoja cha njia iliyo kati ya watu hao wawili na kurefusha kingine, na kwamba mabaharia wamenufaika zaidi pale palipokuwa na mwenye dhamana ya njia nzima, tangu kipimo kinapochukuliwa hadi sahihisho linapomfikia anayelihitaji. Dhamana hiyo ilipolegea, kifaa bora hakikuokoa chombo.

Katika Bahari ya Hindi ya karne ya 15 njia hiyo ilikuwa fupi mno, kwa sababu mwenye elimu ndiye aliyekuwa chomboni. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, mahali ambapo leo ni Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu, aliandika Kitab al-Fawa'id karibu mwaka 1490. Humo alikusanya habari za nyota, pepo za msimu, alama za nchi kavu na masharti ya kazi ya mwalimu wa chombo. Aliacha pia shairi refu kuhusu njia ya kusini hadi Sofala. Walimu wa aina yake walipima kimo cha nyota kwa vidole na kwa kibao chenye uzi wa mafundo, na maarifa yao wakayatunza katika vitabu vya rahmani na katika beti za kuhifadhiwa moyoni. Ubeti ulikuwa mlinzi mzuri wa habari, maana mizani humfichua mnakili aliyeruka neno au kuongeza lake. Tena aliyerudi kutoka Kilwa akiwa ameona fungu jipya la mchanga hakuhitaji ofisi ya kumsahihishia. Alikuwa ameshajisahihisha kabla ya kutweka tanga kwa safari iliyofuata. Vasco da Gama alipofika Malindi Aprili 1498 alichokitafuta ni rubani, akampata, na chini ya mwezi mmoja baadaye alikuwa katika pwani ya Kalikuti. Wanahistoria wengi hawakubali tena kwamba rubani huyo alikuwa Ibn Majid. Awe nani, elimu aliyokuwa nayo ilipanda melini pamoja naye na kushuka pamoja naye, na hapo ndipo nguvu na udhaifu wa utaratibu ule ulipokutana: habari ilikuwa hai daima, lakini ilikufa na mtu.

Dola za Ulaya zilizojitosa katika bahari za mbali zilitaka elimu isiyozikwa na mwenyewe. Hispania ilianzisha huko Sevilla ramani kuu ya kifalme, Padrón Real, chini ya ofisi ya biashara ya makoloni, na kuanzia 1508 ikateua rubani mkuu wa kuisimamia. Wa kwanza alikuwa Amerigo Vespucci. Marubani waliotoka safari walitakiwa kueleza walichokiona ili ramani kuu irekebishwe, na nakala za melini zitolewe kwayo. Wazo hilo la chanzo kimoja kinachopokea habari kutoka kwa watumiaji na kuzirudisha kwao zikiwa zimechujwa ndilo lililobaki kuwa uti wa mgongo wa kazi hii hadi leo. Tatizo lilikuwa usiri. Ramani kuu ilikuwa mali ya dola, na kampuni ya Waholanzi iliyotawala biashara ya viungo nayo ililinda chati zake kwa wivu mkubwa. Habari ilipokuwa silaha, sahihisho lilisafiri hadi kwenye kabati la mfalme likakwama humo. Nje ya kabati hilo, wafanyabiashara wa vitabu waliuza chati zilizonakiliwa kutoka kwenye mabamba ya zamani, na mnunuzi hakuwa na njia ya kujua kipimo alichokitegemea kilichukuliwa lini na nani.

Ofisi za serikali zilizaliwa kutokana na hasara hizo. Ufaransa ilianzisha hazina yake ya chati mwaka 1720. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilimwajiri Alexander Dalrymple kusimamia chati zake mwaka 1779, na mwaka 1795, Uingereza ikiwa vitani na meli zake zikiendelea kupotea kwenye miamba na mafungu, Mfalme George III aliamuru Admiralty, yaani wizara ya jeshi la majini, iwe na ofisi yake ya chati, akawekwa Dalrymple huyohuyo kuiongoza. Alikuta rundo la michoro, barua na chati za kila namna, na kazi yake ya kwanza ikawa kuchambua rundo hilo. Chati ya kwanza ya ofisi yake, ya sehemu ya pwani ya Brittany, ilitoka mwaka 1800, miaka mitano baada ya amri. Dalrymple aliona aibu kumpa nahodha karatasi ambayo yeye mwenyewe hakuiamini. Manahodha walikuwa vitani na walitaka chochote kilichokuwepo. Mvutano ulikua hadi kamati ya maofisa ikaundwa kuchagua chati za kutumia, na mwaka 1808 Dalrymple akaondolewa kazini. Alifariki wiki chache baadaye. Ugomvi huo haukuwa wa tabia ya mzee mmoja. Swali la kama ni bora kutoa haraka habari yenye shaka au kuchelewesha habari iliyo safi limerudi katika kila kizazi, na jibu lililokomaa baadaye, yaani kutoa habari pamoja na kiwango cha shaka yake, halikuwepo mezani kwa Dalrymple wala kwa wapinzani wake.

Mrithi wake, Thomas Hurd, alifungua mlango uliobadili kila kitu: kuanzia 1821 chati za Admiralty zikaanza kuuzwa kwa umma. Papo hapo mtumiaji akawa si ofisa wa manowari peke yake, bali pia nahodha wa meli ya mizigo, mwenye bima na mfanyabiashara. Kipindi hichohicho William Fitzwilliam Owen alipewa meli za Leven na Barracouta kupima pwani za Afrika, kazi aliyoifanya hadi 1826. Pwani yetu iliingia katika chati hizo kwa gharama ya kutisha, kwani homa iliua sehemu kubwa ya maofisa na mabaharia wake. Owen alijiingiza hata katika siasa za Mombasa, akawakubalia watawala wake wa ukoo wa Mazrui ulinzi wa Uingereza dhidi ya Sayyid Said wa Omani mwaka 1824. Luteni aliyemwacha huko, Reitz, alikufa miezi michache baadaye, na jina lake limebaki kwenye hori ya Port Reitz. Kazi yenyewe ilifanywa kwa bildi, risasi nzito mwishoni mwa kamba, inateremshwa kutoka mashuani na kusomwa kwa pima. Kila mteremko ulitoa namba moja ya mahali pamoja. Kati ya namba moja na ya pili palikuwa na dhana tu, na katika bahari ya matumbawe, ambako kipwa huweza kuinuka ghafla kutoka kwenye maji mengi, dhana hiyo ni ya hatari. Mpimaji aliijua hatari hiyo mikononi mwake. Mnunuzi wa chati huko Liverpool au Bombay aliona karatasi safi yenye namba zilizopangika, akaisoma nafasi nyeupe kuwa maji salama.

Chini ya Francis Beaufort, aliyeiongoza ofisi tangu 1829 hadi 1855, ndipo pengo hilo lilipopata dawa yake ya kwanza ya kudumu. Mwaka 1834 Admiralty ilianza kutoa Matangazo kwa Mabaharia: orodha ya miamba mipya iliyogunduliwa, taa zilizowashwa au kuzimwa, maboya yaliyohamishwa. Kwa mtazamaji wa leo hili linaonekana dogo, lakini lilibadili chati ni kitu gani. Kabla yake chati ilikuwa bidhaa iliyokamilika siku ilipochapwa. Baada yake ikawa ahadi inayofanywa upya, na nusu ya ahadi hiyo ikaangukia mnunuzi. Utaratibu wa kazi ukajijenga: matangazo ya kila wiki, ofisa wa melini mwenye kalamu ya wino wa zambarau, sahihisho linachorwa mahali pake hasa, kisha namba ya tangazo inaandikwa kwenye kona ya chini kushoto ya chati. Mkaguzi aliyetazama kona hiyo alijua mara moja kama chati ni hai au imekufa. Namba zile zilikuwa kumbukumbu ya uwajibikaji, kwa maana zilionyesha tangazo gani limeingizwa na lipi limerukwa. Udhaifu ulikuwa kwamba meli moja ilibeba mamia ya chati na ofisa mmoja aliyechoka. Hata hivyo, kila mtu katika mnyororo ule aliijua sehemu yake.

Nini hutokea mnyororo unapokatwa kwa makusudi, historia ya Rufiji inaonyesha wazi. Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika walikuwa wameipima delta hiyo kwa meli yao ya upimaji na kujua kwamba mikondo yake inapitika. Chati walizokuwa nazo Waingereza zilikuwa nyuma. Vita vilipozuka mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani ya mikoko, mahali ambapo adui hakutarajia chombo cha ukubwa ule kuingia. Ilichukua miezi mingi, meli za kuzingira na hatimaye manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, kuiangamiza Julai 1915. Anayesema kwamba habari za bahari ni silaha halali ya taifa atautaja mfano huu kuwa ushahidi wake, na kwa wakati wa vita ana haki. Lakini vita hupita na vipimo hubaki vimegawanyika; meli ya biashara inayokwenda Lindi haiulizi kina kilipimwa na rafiki au adui. Mataifa yaliyotoka katika vita hivyo yalilielewa hilo. Yalikutana London mwaka 1919, na mwaka 1921 ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari ikafunguliwa Monaco, kwa ukarimu wa Mwanamfalme Albert I, mtu ambaye tangu 1903 alikuwa amefadhili uchoraji wa ramani ya sakafu ya bahari zote. Ofisi hiyo, iliyopata mkataba wake kamili mwaka 1970 na kuwa Shirika la Kimataifa la Upimaji wa Bahari, IHO, iliwaleta wapimaji kwenye alama zinazofanana, rangi zinazofanana, na makubaliano kwamba taifa moja litachora na jingine litachapa bila kila mmoja kupima upya bahari ileile.

Karne ya 20 ilileta mapinduzi mawili ya upimaji ambayo hayakwenda kwa mwendo mmoja. La kwanza ni mwangwi: sauti inatumwa chini, inarudi, muda wake unageuzwa kuwa kina. Kuanzia miaka ya 1920 mpimaji hakuwa tena na namba moja kila alipoteremsha kamba, alipata mstari mzima chini ya njia ya chombo. Baadaye, kwa miale mingi ya sauti, akapata ukanda mpana usio na pengo. La pili ni kujua mahali. Mfumo wa GPS ulipokamilika mwaka 1995, na upotoshaji wake wa makusudi ulipoondolewa Mei 2000, mashua ya mtalii ilijua mahali ilipo kwa usahihi ambao Owen asingeuota. Hapo mizani ikapinduka. Kwa miaka mia mbili chati ndiyo iliyojua na nahodha ndiye aliyekisia. Sasa nahodha alijua alipo hadi mita chache, lakini mwamba kwenye chati yake ulikuwa umewekwa na mtu aliyepima jua na nyota kutoka sitahani, na huenda umesogea mamia ya mita kutoka mahali ulipo kweli. Chati nyingi zililazimika kuandikwa onyo kwamba nafasi za setilaiti zisogezwe kiasi fulani kabla ya kuchorwa juu yake. Kadiri chombo cha mtumiaji kilivyokuwa sahihi zaidi, ndivyo alivyojaribiwa kupita karibu zaidi na hatari ambayo mahali pake hapakuwa na usahihi wa aina hiyo.

Katika hali hiyo chati ziliingia kwenye kompyuta. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha viwango vya mfumo wa chati za kielektroniki unaojulikana kama ECDIS, na mwaka uliofuata IHO ilitoa toleo la tatu la S-57, muundo wa data unaoigeuza chati kuwa mkusanyiko wa vitu: mwamba, boya, mstari wa kina, kila kimoja na sifa zake. Kati ya sifa hizo ilikuwemo moja ambayo Dalrymple angeishukuru, daraja la uaminifu wa kila eneo, kuanzia lililopimwa lote kwa vifaa vya kisasa hadi lile ambalo data zake hazijatathminiwa. Kati ya 2012 na 2018 meli kubwa za safari za kimataifa zilitakiwa, kundi kwa kundi, kufunga ECDIS. Sahihisho lililokuwa likichorwa kwa wino sasa liliingia kwa kubonyeza. Kipande cha mwisho cha njia, kile cha ofisa aliyechoka, kilifupishwa kweli. Ila ndani ya ofisi za chati kipande kingine kilirefuka pasipo kuonekana. Taarifa ya mwamba mmoja ilikaa sasa katika chati za skeli kadhaa, katika bidhaa za karatasi na za skrini, katika kanzidata za jeshi na za kiraia, na kila nakala ilihitaji kusahihishwa.

Tarehe 17 Januari 2013 manowari ya Marekani USS Guardian ilipanda mwamba wa Tubbataha nchini Ufilipino, hifadhi iliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Chati ya kidijitali iliyokuwa ikitumika ilionyesha mwamba huo takriban maili 8 za baharini mbali na mahali ulipo. Kinachostahili kukumbukwa zaidi ni kwamba shirika lililoitoa lilikuwa limeshalijua kosa hilo tangu 2011 na kulisahihisha katika chati ya skeli moja, bila kulisahihisha katika ile ya skeli nyingine. Sahihisho lilifika nakala moja, likaishia hapo. Meli ilikatwakatwa palepale mwambani ili iondolewe, na zaidi ya mita za mraba 2,300 za matumbawe ziliharibiwa.

Hapa pana pingamizi zito. Uchunguzi wa jeshi la majini la Marekani uliweka lawama kubwa kwa uongozi wa meli, ambao haukulinganisha chati zake wala kutilia maanani dalili nyingine. Ajali nyingine zinaelekea kuunga mkono pingamizi hilo. Novemba 2014 mashua ya mashindano Vestas Wind iligonga mwamba wa Cargados Carajos, kaskazini mashariki mwa Mauritius, ikiwa inasafiri kwa chati za kielektroniki. Mwamba ulikuwemo katika data, lakini katika kiwango cha ukuzaji kilichotumika haukuonekana jinsi ulivyo. Julai 2020 meli ya mizigo Wakashio iliusogelea ufuko wa Mauritius ili mabaharia wapate mawasiliano ya simu, ikitumia chati isiyo na skeli ya kutosha kuonyesha kina na umbali wa pwani; ikapanda mwamba, na takriban tani 1,000 za mafuta zikamwagika. Basi, atasema mpinzani, chati hazina kosa, kosa ni la watu. Nakubali kwamba watu hao walikosea. Lakini mtumiaji ni sehemu ya mfumo wa habari sawasawa na mpimaji. Mwamba uliomo kwenye kanzidata lakini haumo kwenye skrini mbele ya macho ya mshika usukani haujamfikia. Karatasi ilikuwa na skeli moja na haikuficha kitu kilichochapwa. Skrini huficha na kufichua kadiri kidole kinavyoikuza, na jukumu la kuchagua nini kionekane, ambalo zamani lilibebwa na mchoraji aliyesomea kazi hiyo, limehamishiwa kwa mtu mwenye usingizi saa nane za usiku. Kumlaumu yeye peke yake ni kuacha mlango wazi kwa atakayefuata.

Kutoka hapo wapo wanaohitimisha kwamba karatasi isingeachwa. Mjadala huu si wa nadharia. Idara ya Marekani ambayo mizizi yake ni upimaji wa pwani ulioidhinishwa na Rais Jefferson mwaka 1807 ilitangaza mwaka 2019 kwamba itaziondoa chati zake za jadi za karatasi, zaidi ya 1,000, na kufikia mwanzo wa 2025 kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Anayetaka karatasi huko sasa huitengeneza mwenyewe kutoka kwenye data za kielektroniki. Uingereza nayo ilitangaza mwaka 2022 kwamba itaacha chati za karatasi ifikapo mwishoni mwa 2026, kisha ikasikiliza wateja wake na kusogeza mbele hadi angalau 2030, kwa sababu vyombo vingi, hasa vidogo, havikuwa bado na mbadala wa kidijitali uliokubalika kisheria. Sioni sababu ya kuililia karatasi kama karatasi. Ofisi inayotunza kwa pamoja matoleo mawili ya ukweli mmoja inajitengenezea Tubbataha nyingine, na wataalamu wanaosahihisha mabamba ya kuchapia ni walewale ambao wangekuwa wakisafisha kanzidata. Hata hivyo, uamuzi wa Waingereza kusubiri ulikuwa sahihi, maana teknolojia ya zamani inafaa kuondolewa pale mtumiaji wa mwisho anapokuwa na njia nyingine ya kupata sahihisho, na siyo siku ambayo ofisi inakuwa tayari kuacha kuitoa.

Mabadiliko yanayokuja ni makubwa kuliko hayo. S-57 ilibuniwa kuiga chati ya karatasi kwenye skrini. Mrithi wake, S-100, ambao toleo lake la kwanza lilitoka 2010, unairuhusu bahari kuelezwa kwa matabaka: chati yenyewe, sura kamili ya sakafu, kimo cha maji kwa saa, mikondo, tahadhari za dharura, na hesabu ya maji yaliyobaki chini ya meli. Meli zinaruhusiwa kutumia mifumo ya muundo huu kuanzia 1 Januari 2026, na mifumo mipya itakayofungwa kuanzia 1 Januari 2029 italazimika kuufuata. Kwa pwani kama yetu, ambako maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa mita tatu hadi nne, tabaka la kimo cha maji ni jambo la maana sana: mlango wa bandari usiopitika asubuhi huwa njia pana adhuhuri, na chati ya zamani ilimwachia nahodha kuijumlisha hesabu hiyo mwenyewe. Lakini kila tabaka lina mtoaji wake. Kina kinatoka kwa mpimaji, maji kutoka kwa mamlaka ya hali ya hewa au bandari, tahadhari kutoka kwa kituo kingine. Tabaka moja likichelewa, yote yanaonekana kwenye skrini moja kwa sura moja ya uhakika. Ahadi aliyoianzisha Beaufort kwa ofisi moja sasa inagawanywa kwa ofisi nyingi, na bila mojawapo kubeba dhamana ya jumla, Tubbataha inaweza kujirudia kwa njia ambayo hakuna mtu atakayeweza kuonyesha kwa kidole ilikotokea.

Msomaji wa Tanga au Lamu anaweza kuuliza haya yanamhusu vipi. Mkataba wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, katika kanuni zilizoanza kutumika Julai 2002, unazitaka nchi zilizouridhia, Kenya na Tanzania zikiwemo, kuhakikisha kwamba data za bahari zao zinakusanywa, zinachapishwa na zinahuishwa. Wapo wanaoona kwamba jukumu hilo linaweza kuachiwa dola iliyoanza kazi siku za Owen, kwa kuwa meli zitanunua chati zake vyovyote vile, na fedha zetu zina hospitali na shule za kujenga. Hoja ya gharama ni ya kweli, na hakuna aibu kushirikiana na mwenye mitambo ya kuchapa na kusambaza. Lakini wahenga walionya usisafirie nyota ya mwenzio. Mwenye mitambo yuko mbali. Hawezi kuona boya lililong'oka jana usiku, fungu lililosogea mdomoni mwa Rufiji baada ya mvua, au gati lililorefushwa. Sehemu ya kwanza ya njia, ile ya kuona na kutoa taarifa, haiwezi kununuliwa nje. Wanaoona ni marubani wa bandari, manahodha wa majahazi na wavuvi wanaopita palepale kila siku, na sehemu kubwa yao hawana ECDIS wala hawatalazimika kuwa nayo. Wao ndio watumiaji wasiohesabiwa wakati viwango vinapoandikwa, na ndio wanaojua mengi ambayo chati haijui.

Ni kweli kwamba taarifa ya mvuvi haina usahihi wa mpimaji, na ofisi yoyote makini itaogopa kuiingiza kwenye chati. Hofu hiyo ndiyo ya Dalrymple, na leo ina jibu ambalo yeye hakuwa nalo. Taarifa inaweza kuwekwa na daraja lake la uaminifu, ikatolewa kama tahadhari, kisha ikapelekewa chombo cha upimaji kuithibitisha. IHO yenyewe imeweka mwongozo wa kupokea vipimo kutoka kwa vyombo vya kawaida, na mradi wa Seabed 2030, uliozinduliwa mwaka 2017 wakati ni asilimia 6 tu ya sakafu ya bahari iliyokuwa imepimwa kwa viwango vya kisasa, ulikuwa umefikia asilimia 27.3 katikati ya 2025, kwa kiasi fulani kwa kukusanya vipimo vilivyokwisha kuchukuliwa na kufungiwa makabatini. Ukuaji huo haukutokana na kifaa kipya peke yake. Ulitokana pia na watu waliokubali kutoa walichonacho na ofisi zilizokubali kukipokea.

Kwa hiyo nchi inayotaka kuingia katika enzi ya matabaka na isiachwe nyuma haina budi kuanza na swali la utawala kabla ya swali la mashine. Ni nani, kwa jina la cheo, anayepokea taarifa ya mwamba au boya? Ana saa ngapi za kuitangaza? Inaingia katika nakala zipi, na nani anathibitisha kwamba zote zimebadilika? Mvuvi asiye na skrini anaipata kwa redio, kwa ujumbe wa simu au kwenye ubao wa diko? Maswali hayo hayahitaji meli ya mamilioni kujibiwa, na taifa likiyajibu vizuri litaweza kuitumia meli hiyo siku itakapopatikana. Padrón Real iliyajibu kwa sehemu na ikaharibiwa na usiri. Matangazo ya 1834 yaliyajibu vizuri zaidi na yakadumu. Vifaa vitaendelea kubadilika kwa kasi ambayo hakuna ofisi itakayoizuia. Kinachoweza kuamuliwa na sisi ni kwamba anayepima na anayeshika usukani wasiachwe bila mtu kati yao anayewajibika kwa wote wawili.